Wanayosemana Majirani wa Asia

Mtu anayesafiri kununua bidhaa hukaa sana katika maduka ya watu, na anayekaa sana dukani kwa mtu husimuliwa mengi. Katika miaka yote niliyonunua vitambaa kwa ajili ya duka letu la Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, nimesimuliwa mambo Dubai, Surat, Bangkok, Guangzhou na Seoul, na sehemu kubwa ya masimulizi hayo haikuhusu vitambaa bali majirani. Mhindi alinieleza tabia za Mpakistani, Mkorea akanieleza za Mjapani, mwenyeji wa Guangzhou akanionya juu ya watu wa Henan, jimbo la katikati ya China, na Mthai akanihurumia niliposema ninafikiria kupitia Kambodia. Kila mmoja alizungumza kwa uhakika, na wengi wao walikuwa watu wema walionikaribisha chai na kunitafutia gari la kunirudisha hotelini. Nilichojifunza, polepole na kwa kuuliza sana, ni kwamba karibu kila sifa mbaya niliyosimuliwa ilikuwa na chanzo chenye mwaka wake: vita, njaa, deni, au tofauti ya mshahara. Chanzo kimesahauliwa, sifa imebaki, na aliyebaki nayo anadhani ndiyo maumbile ya watu wale.

Nianze na Dubai, kwa kuwa ndiko wafanyabiashara wengi wa kwetu wanakoanzia. Ukifikia Deira, karibu na Naif au soko la dhahabu, utawakuta watu wa Asia wamepangwa kwa kazi kana kwamba kuna aliyekaa akawagawa. Mlangoni mwa hoteli anasimama Mnepali. Anayepiga deki ukumbini ni Mbangladeshi. Mapokezi yuko Mfilipino. Mhasibu wa kampuni ya mizigo anatoka Kerala, kusini mwa India. Na dereva wa lori linalobeba marobota yako ni Mpathani wa Pakistan. Haupiti muda utasikia maelezo ya mpangilio huo, nayo ni yaleyale kwa kila anayekueleza: Mnepali ni shujaa na mwaminifu, Mbangladeshi ni mpole asiyelalamika, Mfilipino ni nadhifu lakini ana madai mengi, mtu wa Kerala ana akili ya hesabu lakini ni mjanja, Mpathani ana nguvu na hasira. Hata sisi tunaotoka Afrika Mashariki huyabeba maelezo hayo na kuyarudia tukifika nyumbani, maana yanamfanya mgeni ajione kuwa anaujua mji.

Msimamizi wa ghala ninakoacha mizigo yangu, ambaye mwenyewe ni mtu wa Kerala, ndiye aliyenifumbua macho kuhusu Wafilipino. Alinieleza kwamba mwishoni mwa mwaka 2006 serikali ya Ufilipino iliamua kuwa raia wake wanaokwenda kufanya kazi za ndani ng'ambo wasilipwe chini ya dola 400 za Marekani kwa mwezi, wakati ambapo wasichana wa mataifa mengine waliofanya kazi ileile walipokea pungufu ya hizo. Mwajiri anayelazimika kulipa zaidi kwa sababu nyuma ya mfanyakazi kuna serikali inayouliza humwona mfanyakazi huyo kuwa mtu wa madai. Upole wa Mbangladeshi nao una hesabu yake. Vijana wengi wa Bangladesh hufika Ghuba wakiwa wamewalipa madalali fedha nyingi walizokopa au walizozipata kwa kuweka rehani shamba la wazazi, na mshahara wa miezi mingi ya mwanzo huishia kulipa deni hilo. Mtu wa namna hiyo akitukanwa na msimamizi hunyamaza, kwa sababu akifukuzwa leo, deni halifukuzwi naye. Kisha anakuja mgeni kama mimi na kuambiwa kwamba watu wale wameumbwa hivyo.

Habari ya Mnepali na Mpathani ni ya zamani zaidi. Waingereza walipigana na Nepal mwaka 1814 hadi 1816, na tangu wakati huo wakaanza kuwaandikisha Wagurkha, askari wa Nepal, jeshini mwao. Jeshi lao la Bengal lilipoasi mwaka 1857, walihamishia uandikishaji Punjab, Nepal na milima ya Wapathani, kisha wakaandika miongozo ya kueleza kwamba makabila hayo yamezaliwa na vita na kwamba Wabengali, watu wa asili moja na Wabangladeshi wa leo, ni dhaifu wasiofaa kushika silaha. Wasomaji wa Kenya wanaijua mbinu hiyo, kwa kuwa Wakamba nao waliandikishwa kwa wingi katika King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na kusifiwa kuwa askari wa kuzaliwa. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye, hoteli ya Deira inachagua mlinzi wa mlango na mpiga deki kwa kufuata orodha ileile, wala mwenye hoteli hajui kwamba anaifuata.

Sitaki kusema kwamba tofauti hazipo. Zipo, na mfanyabiashara asiyezijua hupata hasara. Surat, katika jimbo la Gujarat nchini India, unavua viatu na kuketi juu ya godoro lililotandikwa shuka jeupe. Unakunywa chai, unaulizwa habari za watoto, unaulizwa nani mwingine wa Dar es Salaam unayemfahamu, na bei haitajwi mpaka vikombe vimeondolewa. Katika soko la vitambaa la Zhongda, Guangzhou, mwenye duka hukuonyesha bei kwenye kikokotoo kabla hamjasalimiana. Wafanyabiashara wenzangu huhitimisha kwamba Mhindi hupenda maneno na Mchina hana adabu. Mimi nimeona sababu nyingine. Biashara ya vitambaa ya Surat huendeshwa kwa mkopo: mzigo hutoka leo na fedha huja baada ya miezi, kupitia mawakala wanaojuana, kwa hiyo muuzaji hana budi kukuchunguza wewe ni mtoto wa nani na unaaminiwa na nani. Chai ile ni uchunguzi wenye heshima. Muuzaji wa Zhongda kwa kawaida hupokea fedha taslimu kutoka kwa mgeni ambaye huenda asimwone tena, na tena amesimamiwa na kodi kubwa ya kibanda. Ukimletea habari za watoto unampotezea mteja wa nyuma yako. Nilipokuja kuwa mteja wa kudumu wa mmoja wao, na yeye akaanza kunikopesha sehemu ya mzigo, chai ilitoka, na maswali ya familia yakatoka pia.

India yenyewe ilinifundisha kwamba mtu hahitaji kuvuka mpaka ili asemwe. Huko kaskazini niliwasikia watu wakiwaita wote wa kusini Wamadrasi, awe Mtamili, Mtelugu au mtu wa Kerala, watu wenye lugha na maandishi yasiyofanana. Wale wa majimbo ya kaskazini-mashariki, wenye sura zinazokaribiana na za watu wa Burma na Tibet, huitwa Wachina mitaani mwa Delhi wakiwa katika mji mkuu wa nchi yao. Mwaka 2014 mwanafunzi kijana kutoka Arunachal Pradesh alifariki baada ya kupigwa mjini humo, katika ugomvi ulioanza kwa kudhihakiwa sura na nywele zake, na serikali ikalazimika kuunda kamati ya kuchunguza madhila ya watu wa majimbo hayo. Niliposikia habari hiyo nilifikiria Mtaa wa Uhuru, ambako sisi huwaita wote Wahindi: Mabohora, Waismailia, Waithnaasheri, Wahindu wa Gujarat, Wagoa na Masingasinga. Tena wengi wetu huamini kwamba wote waliletwa na reli. Kweli Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, lakini wengi wao walirudi kwao, ilhali wafanyabiashara wa Gujarat na Kutch walikuwa Unguja zamani zaidi, na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilikuwa ikisimamia ushuru wa forodha wa Sultani miongo mingi kabla ya reli.

Bangkok sikujifunza mengi, kwa kuwa soko la Pratunam lina kelele za kutosha na mimi huwa na haraka. Niliambiwa tu nisipandishe sauti wakati wa kupunguziana bei na nisimwelekezee mtu nyayo zangu nikiketi, nikatii, na biashara ikaenda vizuri. Kuhusu Kambodia, kila aliyenionya alitaja mahekalu na mipaka kabla ya kutaja mtu yeyote aliyewahi kumwibia. Hekalu la Preah Vihear, lililo mpakani mwa Thailand na Kambodia, liliamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuwa la Kambodia mwaka 1962, na Julai 2025 majeshi ya nchi hizo mbili yalirushiana makombora mpakani; Wakambodia wengi mno waliokuwa wakifanya kazi Thailand walifunga mizigo wakaenda zao.

Guangzhou ndiko nilikoonywa kwamba nisimkabidhi mzigo mtu wa Henan, kwa sababu, eti, watu wa Henan ni wezi. Onyo hilo nililisikia kwa mwenye duka, kwa dereva, hata kwa kijana aliyekuwa akinitafsiria. Ubaguzi huo umeenea kiasi kwamba mwaka 2005 polisi wa eneo moja la Shenzhen walitundika bango la kutangaza vita dhidi ya magenge ya watu wa Henan, na wenyeji wawili wa Henan wakaenda mahakamani kudai waombwe radhi. Nilimuuliza yule mtafsiri sifa hiyo ilitoka wapi. Hakujua, lakini aliniletea jibu baada ya kuzungumza na babu yake. Juni 1938 jeshi la serikali ya China lilibomoa kingo za Mto Manjano huko Henan ili mafuriko yawazuie Wajapani, na maji yakafunika mashamba ya mamilioni ya watu wa nchi hiyohiyo. Miaka minne baadaye ikaja njaa iliyoua watu wanaokadiriwa kuwa milioni mbili hadi tatu, na njaa kubwa ya mwaka 1959 hadi 1961 ikalipiga tena jimbo hilo kwa ukali kuliko mengi. Waliosalia walitembea kwenda mikoa mingine wakiomba na kufanya kazi yoyote. Mji unaopokea watu wenye njaa huanza kukosa mikate na kuku, na mikate na kuku ikikosekana jina la mwizi hupatikana. Sijawahi kuipata habari iliyonihuzunisha zaidi katika safari zangu, kwa sababu wajukuu wa wale waliozamishwa na jeshi lao wenyewe ndio wanaokaguliwa mifuko leo.

Na hapohapo Guangzhou sisi tulikuwa tukifanya jambo lilelile. Wenyeji wengi wa mji ule humdhania kila Mwafrika kuwa Mnijeria, na Watanzania, Wakenya na Wakongo wa mtaa wa Xiaobei hufanya haraka kueleza kwamba wao si Wanijeria, wakiongeza maneno juu ya Wanijeria ambayo hayatofautiani na yale ya Henan. Nimekaa katika migahawa hiyo nikala wali na maharage, nikasikia maneno hayo kwa Kiswahili fasaha.

Madhara ya kuchanganya watu niliyaelewa vizuri zaidi kutoka kwa mwakilishi wa kiwanda cha Kitaiwani, niliyekutana naye kwenye Maonyesho ya Canton, maonyesho ya biashara ya hapohapo Guangzhou. Kiwanda chao kilikuwa Binh Duong, kusini mwa Vietnam. Chuki ya Wavietnam dhidi ya China ina mizizi mirefu: walitawaliwa na watawala wa China kwa takriban miaka elfu moja, hadi mwaka 938, na mitaa mikuu ya miji yao hubeba majina ya waliopigana na majeshi ya China, kama vile dada wawili wa ukoo wa Trung na jemadari Tran Hung Dao, na vita vya mpakani vya mwaka 1979 viliongeza jeraha jipya. Mei 2014 China ilipopeleka mtambo wa kuchimba mafuta katika bahari inayogombaniwa, maandamano ya wafanyakazi wa Binh Duong yaligeuka kuwa ghasia na viwanda vikachomwa moto. Vingi kati ya vilivyochomwa havikuwa vya China. Vilikuwa vya Wataiwani, na baadhi vya Wakorea, kwa sababu umati uliona maandishi ya Kichina kwenye bango au sura iliyofanana na ile waliyoikasirikia. Aliniambia kwamba walikimbilia kutundika bendera ya Vietnam na kubandika getini karatasi za kueleza kuwa wao ni Wataiwani. Afrika Mashariki tuna yetu: Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na katika foleni za uwanja wa ndege walijipanga Waismailia, Wahindu, Masingasinga na Wagoa Wakatoliki, wakiwemo waliokuwa raia wa Uganda, kwa sababu umati na dola viliwaona kuwa mtu mmoja.

Seoul, hata hivyo, ndiko nilikojifunza zaidi. Soko la jumla la Dongdaemun hufanya kazi usiku. Maduka hufunguliwa jioni, na biashara hupamba moto usiku wa manane wakati wenye maduka ya mikoani wanapofika kwa mabasi. Swali la kwanza nililoulizwa na mwenye duka aliyeniuzia lesi, mama wa miaka sitini na kitu, lilikuwa juu ya umri wangu. Wageni wa Ulaya huliona swali hilo kuwa utovu wa adabu, lakini mimi niliyelelewa kujua nani nimwamkie na nani aniamkie sikupata tabu nalo. Kupokea kitu kwa mikono miwili, kumwacha mkubwa aanze kula, kutomwita mkubwa kwa jina lake tupu: hayo yote yangekaa sebuleni Tanga bila mtu kushangaa. Kwa hiyo nilishtuka zaidi mama huyohuyo, mwenye heshima kiasi hicho, aliponiambia kwamba Wajapani wana nyuso mbili na Wachina hawana usafi.

Nilimuuliza kama kuna Mjapani aliyewahi kumdhulumu. Akasema hapana, wateja wake Wajapani hulipa kwa wakati na hawarudishi mzigo bila sababu, na yeye amejifunza Kijapani cha sokoni kwa ajili yao. Kisha akanieleza habari za baba yake, aliyesoma shule ya msingi chini ya utawala wa Japani na kulazimika kutumia jina la Kijapani. Japani iliitawala Korea tangu 1910 hadi 1945, na kuanzia mwaka 1940 familia zilishinikizwa kubadili majina. Wanawake wa Kikorea walichukuliwa kwa nguvu na kwa hila wakafanywa watumwa wa ngono wa jeshi la Japani, na tangu Januari 1992 watu hukusanyika kila Jumatano karibu na ubalozi wa Japani mjini Seoul kuwadaia haki wanawake hao. Mwaka 2019, serikali mbili hizo zilipogombana juu ya fidia ya waliofanyishwa kazi kwa nguvu na juu ya masharti ya biashara, maduka yalibandika matangazo ya kususia bidhaa za Japani. Baada ya kuyasikia hayo sikuweza kuiita chuki ya mama yule upuuzi, wala sikuweza kuikubali. Nyuso mbili alizozisema hakuwahi kuziona kwa wateja wake. Alizirithi kwa baba aliyekuwa na kila sababu ya kuziogopa.

Hayo ya Japani yana historia ya dhuluma nyuma yake. Nisichoweza kukipatia udhuru ni alivyomsema mwanamke aliyepika katika mgahawa wa pembeni mwa soko. Mwanamke yule alikuwa Mkorea wa Yanbian, upande wa China, ambako mababu zao walivuka mto Tumen tangu karne ya 19 wakikimbia njaa, na wengine wakafuata wakiukimbia utawala wa Japani. Aliniambia kwamba kwao alihesabiwa kuwa Mkorea, na Seoul anahesabiwa kuwa Mchina. Kwamba sinema humwonyesha mtu wa kwao akiwa mhalifu. Kwamba kwenye treni hupokea simu kwa sauti ya chini ili lafudhi yake isisikike. Alikula kama mama mwenye duka alivyokula, wali kwa kijiko na bakuli likiwa limetulia mezani, kama ilivyo desturi ya Wakorea, bila kuliinua mkononi kama wafanyavyo Wachina na Wajapani. Walikuwa na babu waliolimia mvua moja. Mama yule alimwita mchafu kwa maneno aliyowatolea Wachina, naye alikuwa ameosha vyombo nikimwona.

Kariakoo nayakuta yote haya yakiendelea. Mkorea anayekuja kununua vitenge huitwa Mchina tangu kona ya Msimbazi mpaka mlangoni kwangu, na Mvietnam na Mjapani vilevile. Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwemo sehemu kubwa ya biashara ya rejareja na jumla, baada ya malalamiko ya muda mrefu yaliyotajwa sana hapa sokoni. Mimi ninaiunga mkono, kwa kuwa mtu aliyeingia nchini kwa jina la uwekezaji kisha akauza rejareja mlango wa pili anaua mtaji wa wanawake wengi ninaowafahamu. Amri inazungumzia uraia na leseni. Maneno ya mtaani yanazungumzia macho na ngozi, na yanamgusa hata Mtanzania ambaye babu yake alizaliwa Bagamoyo na ambaye ana kitambulisho cha taifa sawa na changu. Katika kikao cha wafanyabiashara wa mtaa wetu nilisimama nikaomba kwamba tunapopeleka majina ya wanaokiuka amri tuandike namba ya duka na aina ya leseni, tusiandike Mchina wala Mhindi. Wengi waliafiki. Mzee mmoja aliniuliza iwapo hao watu wananilipa. Nilimjibu kwamba duka la jirani yangu linauza lesi ya Guangzhou kwa bei ambayo mimi siwezi kuinunulia huko huko, kwamba namba ya duka hilo ndiyo ya kwanza katika karatasi niliyoandika, na nikampa aisome.